Ndia Kuu ya Mombasa na Njia ya Kuja Kwetu

Ndugu zetu wa Pasua, mlioko nyumbani na mlioko mbali, mwaka huu wajumbe wanne wa kamati tulivuka mpaka Holili, tukapita Taveta na Voi hadi Mombasa kumzika mwenzetu. Kesho yake, tukisubiri basi la jioni, tuliingia Mji wa Kale.

Barabara yake ya zamani inaitwa Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita. Inaanzia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Mji ulikuwa na ukuta, sasa haupo. Nyumba za mawe zimebaki, na roshani za mbao na milango ya nakshi. Njia yenyewe ni nyembamba, pikipiki ikija unajibana kwenye mlango wa mtu.

Kando yake, upande wa majini, tulionyeshwa Leven House. Wamisionari Krapf na Rebmann wanatajwa miongoni mwa waliofikia humo. Hapo ndipo tulipokaa kimya kidogo. Shuleni tuliambiwa kwamba Rebmann ndiye "aliyegundua" Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Hatukuambiwa habari za Bwana Kheri, Mswahili aliyeongoza msafara huo kutoka Rabai. Njia aliijua, maana misafara ya pwani ilikuwa ikienda Uchagani kabla ya Mzungu yeyote. Rebmann alipouliza kile cheupe kileleni ni nini, mwongozaji alijibu tu: baridi.

Kule London bwana mmoja, William Cooley, alibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Mwaka 1862 von der Decken alipanda mlimani, theluji ikamwangukia. Wazee wetu walikuwa wakiiona kila asubuhi wakienda kukata majani ya ng'ombe, lakini hakuna aliyewauliza.

Jina la Bwana Kheri tunalo kwa sababu liliandikwa. Ya kwetu je? Ndani ya basi la kurudi tulihesabu wazee wanaoweza kusimulia Pasua ilivyokuwa walipojenga nyumba zao za kwanza: nani alitoka Machame, nani Upare, maji yalichotwa wapi. Tulipata saba. Tangu siku ile tumemzika mmoja.

Kwa hiyo sehemu ya mchango wa mwaka huu itanunua kinasa sauti na kuwalipa nauli vijana wawili wa kuwatembelea hao sita, kuanzia na bibi mkubwa kuliko wote, ambaye ameshakubali ila anataka waje asubuhi, kabla hajachoka. Mwenye picha za zamani atuletee. Tutazipiga nakala na kumrudishia zake.