Ngoma Mbili za Mwaka 1916

Tarehe 11 Februari 1916, kijana mmoja Mjerumani aliyekuwa akisomea udaktari, Richard Huelsenbeck, aliwasili Zürich, akaenda moja kwa moja kwenye baa ndogo ambayo rafiki yake Hugo Ball alikuwa ameifungua siku sita kabla, na akadai ngoma. Sio ngoma ya kupamba ukuta. Alitaka ipigwe, tena kwa nguvu, mashairi yakisomwa juu yake. Ball aliandika kwenye shajara yake kwamba bwana huyu angependa kuipigia fasihi ngoma mpaka izame ardhini.

Kesho yake, tarehe 12, huku kwetu, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, wanajeshi wa Afrika Kusini walioletwa na Waingereza walipanda kwenda kuwafurusha Wajerumani. Walikuwa wageni wa nchi, na walikuja na dharau: mtu mweusi hawezi kuwazuia. Waliowazuia walikuwa askari weusi wa jeshi la Wajerumani. Makaburu wakarudi nyuma mbio, na waliowakinga wasimalizwe walikuwa wanajeshi wa Kihindi, watu ambao jana yake tu nao walikuwa wakidharauliwa.

Vita ni vile vile, wiki ni ile ile. Sijawahi kukutana na kitabu kinachoziweka tarehe hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, na pengine nisingeziweka mimi kama kazi isingenipeleka Zürich kwa siku tatu na jioni moja ikabaki wazi.

Baa ile bado ipo. Inaitwa Cabaret Voltaire, Spiegelgasse namba 1, kwenye mji mkongwe upande wa mashariki wa mto Limmat. Ukitoka mtoni unapandisha vichochoro vya mawe, unapita maduka ya chokoleti na migahawa ambayo menyu yake inakufanya ukumbuke umekula mchana, kisha kwenye kona unaona kibao ukutani kinachosema kwamba hapa ndipo Dada ilipozaliwa. Hapa sizungumzii dada wa mtu. Dada ni jina la vuguvugu la sanaa lililokataa kila kitu kilichoitwa ustaarabu wa Ulaya wakati ustaarabu huo ukichinjana Verdun. Waswahili tunaposikia jina hilo lazima tutabasamu kidogo, na nadhani wenyewe wangefurahi.

Ndani ni padogo. Mtu aliyezoea kusoma juu ya mahali hapa vitabuni anategemea ukumbi mkubwa, maana habari zake ni kubwa. La hasha. Ni baa, maonyesho kidogo, na chumba chenye jukwaa ambalo hata kikundi cha taarab hakiwezi kujipanga vizuri juu yake. Usiku huo binti mmoja alisoma maandishi kutoka kwenye simu yake huku mwenzake akizirudia sauti zake kwa mashine, mpaka maneno yakabaki mapigo tu. Tulikuwa watu kama thelathini. Wengine walisikiliza, wengine walinunua bia na kupiga soga pembeni, na mzee mmoja karibu nami alilala kabisa. Nilikaa nikiwaza kwamba mwaka 1916 hali haikuwa tofauti sana.

Hebu turudi huko. Hugo Ball alikuwa mtu wa tamthilia. Vita vilipoanza 1914 alijitolea jeshini akakataliwa kwa sababu za kiafya, kisha akaenda mwenyewe Ubelgiji kuiona vita kwa macho. Alichokiona kilimgeuza. Mwaka 1915 alihamia Uswisi, nchi isiyopigana, pamoja na Emmy Hennings, na wakaishi maisha ya dhiki, yeye akipiga piano kwenye kikundi cha maonyesho na Hennings akiimba. Mwanzoni mwa 1916 walimwendea Jan Ephraim, mwenye mkahawa pale Spiegelgasse, baharia mstaafu, wakampa hoja ambayo kila msanii wa Dar au Nairobi aliyewahi kuomba ukumbi anaijua: tupe chumba chako, nasi tutakuletea wanywaji. Bia itauzika, soseji zitauzika. Ephraim akakubali. Tarehe 5 Februari wakafungua mlango, na chumba kikajaa.

Jioni ya ufunguzi wenyewe walitokea Waromania wakiwa na picha zao kwapani, akiwamo Marcel Janco na mshairi Tristan Tzara. Hans Arp alikuwapo. Huelsenbeck akaja na ngoma yake. Hawa wote walikuwa vijana, wengi wao wakimbizi wa vita kwa namna moja au nyingine, na nguzo ya usiku wao alikuwa Hennings. Historia imezoea kumtaja kama mpenzi wa Ball. Ukweli ni kwamba wateja walikuja kumsikiliza yeye, na alikuwa ameshachapisha mashairi yake tangu 1913. Bila sauti yake, Ephraim angewafukuza mwezi wa kwanza.

Mwishoni mwa Machi Huelsenbeck, Janco na Tzara walisimama pamoja wakasoma shairi moja kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa kwa wakati mmoja. Mataifa matatu yaliyokuwa yakiuana yakazungumza kwa pamoja, na hakuna aliyesikika. Tarehe 23 Juni Ball alivalishwa mavazi ya karatasi ngumu, miguu yake ndani ya bomba la buluu lenye kung'aa na kofia ndefu kichwani, akabebwa mpaka jukwaani kwa sababu hakuweza kutembea. Akasoma mashairi yasiyo na neno hata moja la lugha yoyote, sauti tupu. Alisema lugha imeshachafuliwa na magazeti ya vita, kwa hiyo mshairi ajitengenezee yake. Kadiri alivyoendelea, sauti yake ikageuka kama ya padri kwenye ibada. Mwisho akabebwa tena kutoka. Wiki chache baadaye baa ilifungwa. Yote haya yalichukua miezi mitano tu.

Sasa tufike penye mfupa.

Usiku ule wa mwishoni mwa Machi, pamoja na shairi la lugha tatu, walitumbuiza pia kwa kile walichokiita nyimbo za Wanegro. Huelsenbeck ndiye aliyekuwa bingwa wake. Alipiga ngoma na kutamka maneno aliyoyabuni yafanane na Kiafrika kama alivyokifikiria yeye, na kila baada ya muda alimalizia kwa neno analolipenda: umba. Ephraim, ambaye kama baharia alikuwa amewahi kufika Afrika, alimwambia kwamba hicho si Kiafrika. Huelsenbeck akakubali kubadili maneno mengine, lakini umba hakuiacha.

Mswahili anayesoma habari hiyo lazima asimame. Huelsenbeck hakujua kwamba neno lake lipo, kwamba mamilioni ya watu wanalitumia, na kwamba maana yake ni kufanya kitu kiwepo ambacho hakikuwepo. Mtu aliyetaka kuivunja lugha mpaka ibaki kelele alijikwaa kwenye kitenzi kinachohusu uumbaji. Kwake ilikuwa kelele kwa sababu hakuwa na yeyote wa kumwambia vinginevyo. Mle ndani kulikuwa na Mjerumani, Mromania, Mwalsasi, nyimbo za Kirusi na za Kifaransa. Afrika ilikuwamo kwa ngoma na vinyago, lakini hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye meza.

Sisemi haya ili kuwashitaki marehemu. Kwa wakati wao walithubutu, na walikuwa miongoni mwa wachache waliokataa kushangilia mauaji. Mita chache kutoka pale, namba 14 ya mtaa huo huo, aliishi Lenin tangu mwishoni mwa Februari 1916, akiandika kitabu chake juu ya ubeberu na jinsi mataifa makubwa yalivyougawana ulimwengu. Kwa hiyo kichochoro kimoja chembamba kilikuwa na mtu anayeandika kwa nini Afrika imegawanywa, na vijana wanaopiga ngoma za Afrika ya kubuni. Na Afrika yenyewe ilikuwa wapi?

Ilikuwa njiani, imebeba mizigo. Baada ya Salaita majeshi ya Uingereza yalisonga kusini, na kwa kuwa mbung'o waliua farasi na nyumbu, mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916, na kambi ya kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ikatuachia jina la Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya jina hilo kila siku.

Watu hawa nao walikuwa na usiku wao. Walikuwa na beni.

Beni, kama jina linavyodokeza, ni bendi. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890: ngoma ya mashindano yenye matarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Vita vilipokuja, askari na wapagazi wa pande zote mbili waliisambaza kila walikopita, na vilipokwisha ikaenea Tanganyika nzima na kuvuka mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kulikuwa na Marini na kulikuwa na Arinoti, mahasimu wakubwa. Kila upande ulikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na kila upande ulijitahidi kumshinda mwenzake kwa mavazi, nyimbo na ukarimu. Nyuma ya tarumbeta kulikuwa na jambo zito: mwanachama akifariki ugenini alizikwa na wenzake, na mgeni akifika mjini alipata pa kulala. Maofisa wa kikoloni waliwatazama kwa wasiwasi, hawajui kama wanasifiwa au wanachekwa.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, na hoja yake moja ni kwamba beni haikuwa kasuku wa Mzungu. Watu walichukua gwaride lililokuwa likiwaamrisha mchana, usiku wakalifanya lao.

Yaani tazama picha hii. Zürich, Mzungu anavaa kinyago na kupiga ngoma akijifanya Mwafrika, ili aikimbie Ulaya ya vita. Afrika Mashariki, Mwafrika anavaa sare na kupuliza tarumbeta akijipa cheo cha Mzungu, ili aimudu vita hiyo hiyo. Wote wawili wanacheza usiku, wote wanacheka jambo linaloua. Tofauti ni kwamba mcheza beni alimjua aliyemwigiza. Alimbebea mizigo yake, alijua amri zake na anavyotembea. Huelsenbeck aliigiza mtu ambaye hakuwahi kukaa naye. Ukiniuliza ni upande upi uliokuwa na sanaa yenye macho zaidi, jibu langu unalijua.

Lakini ni upande mmoja tu wenye kibao ukutani.

Hata kibao hicho hakikuja kirahisi. Mwaka 2002 jengo la Spiegelgasse lilikuwa limebaki wazi, karibu ligeuzwe matumizi mengine, ndipo wasanii wakalivamia, wakaishi humo na kufanya maonyesho bila ruhusa ya mtu mpaka mji ukashtuka. Lilifunguliwa rasmi mwaka 2004. Mwaka 2008 wakazi wa Zürich wakapigishwa kura kama fedha za mji ziendelee kupatiwa baa ya sanaa, na walio wengi wakasema ziendelee. Nilichoona usiku ule, binti na simu yake, mzee amelala, bia ya bei ya kutisha, kipo kwa sababu watu walikigombania.

Na kabla ya kugombania walikuwa na cha kugombania, yaani maandishi. Ball aliandika shajara. Hennings aliandika. Huelsenbeck aliandika kumbukumbu zake, hata ile aibu ya kusahihishwa na mwenye baa. Miezi mitano ndani ya chumba kimoja ikawa maktaba. Beni ilidumu miongo, ikajaza miji, na tunachokijua kwa sehemu kubwa kimepita kwenye faili za wakoloni waliokuwa wakiiogopa na kwenye utafiti wa wageni. Nyimbo zilizotungwa asubuhi kumjibu hasimu wa jana ziliimbwa, zikashangiliwa, zikaisha.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wanaosoma hapa, maana wengi wenu mnaandika. Kuna vyumba vidogo mjini kwenu, ua wa nyuma wa mgahawa, karakana iliyogeuzwa jukwaa, mahali mtu anasoma shairi Ijumaa saa nne usiku mbele ya watu ishirini na wawili kati yao wamelewa. Andikeni nani alisoma, nani alicheka, bia ilikuwa shilingi ngapi, na umeme ulikatika saa ngapi. Na kama nyumbani kuna bibi au babu anayekumbuka wazee wake walikuwa Marini au Arinoti, muulizeni wiki hii. Msingoje Krismasi.