Nishani za Fedha na Ahadi Zake

Jamaa zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo,

Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikifuatia habari za nishani za fedha ambazo marais wa mwanzo wa Marekani waliwapa wakuu wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Zenyewe sinazo, kwani bei zake si za mwalimu mstaafu. Ninazo nakala mbili za shaba tu. Lakini historia yake imepita katika miji yetu yote mitatu.

Nianze na Buffalo. Mwaka 1792, mjini Philadelphia, Rais George Washington alimpa Red Jacket, msemaji mashuhuri wa taifa la Seneca, nishani kubwa ya fedha yenye umbo la yai, iliyochorwa kwa mkono. Upande mmoja Washington na mkuu wa kienyeji wanapeana kiko cha amani, na shoka limetupwa chini. Upande wa pili ni tai, nembo ya dola.

Mwaka 1795, huko Greenville, Ohio, wakuu walioshindwa vita walipewa nishani za namna hiyo. Katika mkataba huo huo waliachia sehemu kubwa ya Ohio, pamoja na mahali ulipokuja kujengwa mji wa Columbus mwaka 1812.

Na Louisville? Hapo, penye maporomoko ya mto Ohio, Lewis alikutana na Clark mwezi Oktoba 1803, wakaelekea magharibi na nishani za Rais Jefferson, zenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Alikuwamo York, Mwafrika, mtumwa wa Clark. Waliporudi mwaka 1806 wenzake walipata mishahara na ardhi. Yeye hakupata malipo wala uhuru. Sanamu yake ilisimamishwa Louisville mwaka 2003.

Basi nishani ilikuwa ahadi, na si kila ahadi ilitimizwa. Hata hivyo Waseneca hawakuisahau yao. Baada ya Red Jacket ilivaliwa na Ely Parker, naye alipofariki mwaka 1895 ikaja kuwekwa katika makumbusho ya Buffalo kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2021 ilirudishwa kwa Waseneca. Hawakuidai kwa uzito wa fedha yake. Waliidai kwa sababu walijua nani alimpa nani, mwaka gani, na kwa maneno gani.

Hapo ndipo moyo wangu uliponiuma. Marehemu mama alituachia vikuku viwili vya fedha. Mimi na ndugu yangu tulipohitaji nauli tulivipeleka kwa sonara. Akavipima kwenye mizani, akatulipa, tukaondoka. Juzi mjukuu wangu aliniuliza vilitoka kwa nani. Kwa bibi? Kwa baba, siku ya harusi? Sikuwa na jibu. Fedha ningeweza kuinunua tena, lakini habari zake hazinunuliki.

Kwa hiyo naomba kila nyumba ichukue daftari na kuandika vitu vya wazee ilivyo navyo: nani alitoa, nani alipokea, lini, na kwa nini. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo ubaoni, na nyumbani kwangu daftari halikuwapo.