Durban: mji wa mawimbi, bandari na watu waliotoka mbali

Kila siku magari makubwa yanayobeba shaba na kobalti hutoka Kolwezi na Likasi, yanapita Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, yanavuka Zambia na Zimbabwe, na mengi kati yao safari yao inaishia Durban, Afrika ya Kusini. Kwa hiyo jina la mji huo ni la kila siku kwa madereva na wafanyabiashara wa Katanga. Familia nyingi za Kivu pia wanalijua, kwa sababu wana mtoto au ndugu anayeishi kule. Lakini watu wachache wanajua kwamba, nje ya bandari, Durban ni mmoja kati ya miji inayojulikana zaidi duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Na historia ya mawimbi hayo ni historia ya nani aliruhusiwa kuingia majini na nani alifukuzwa.

Wazulu wanauita mji huo eThekwini. Vasco da Gama, baharia wa Ureno, alipita mbele ya pwani hiyo wakati wa Noeli ya mwaka wa 1497, ndipo eneo likapewa jina la Natal. Wafanyabiashara Waingereza walikaa pale kuanzia mwaka wa 1824, wakati wa utawala wa mfalme Shaka. Mwaka wa 1835 waliupa mji jina la Benjamin D'Urban, gavana wa koloni la Cape. Ghuba ilikuwa nzuri, lakini fungu la mchanga lilifunga mlango wake, na meli kubwa zilibaki nje. Kazi ya kuchimba mchanga ilidumu miaka mingi, hadi mwaka wa 1904 ambapo meli kubwa ya abiria iliweza kuingia bandarini.

Watu walioletwa

Mashamba ya miwa yalihitaji wafanyakazi. Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 1860, meli ya Truro ilifika kutoka Madras na Wahindi wa kwanza waliosainishwa mikataba ya kazi. Hadi mwaka wa 1911, zaidi ya Wahindi 150.000 walikuwa wamepitia njia hiyo. Mwanasheria kijana Mohandas Gandhi alishuka Durban mwaka wa 1893, na ni katika nchi hiyo alijifunza kupinga ubaguzi bila silaha. Chakula kinachojulikana zaidi mjini kilitoka kwa Wahindi hao: nusu ya mkate inatobolewa katikati, inajazwa mchuzi wa pilipili, na watu wanakula kwa mikono.

Kuna kundi lingine ambalo wasemaji wa Kiswahili wanapaswa kulijua. Mwaka wa 1873, jeshi la majini la Uingereza lilianza kupeleka Durban watu liliowakomboa kutoka kwa majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa sababu walipitishwa Unguja, waliitwa Wazanzibari. Waliachiliwa katika utumwa, kisha wakawekwa chini ya mikataba ya kazi. Baadaye walijenga maisha yao kwenye mlima wa Bluff, upande wa kusini wa bandari, wakilinda dini yao ya Kiislamu na lugha yao. Miaka ya 1960, serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke katika kabila gani. Iliwaandika kuwa «Waasia wengine», ikawahamisha Chatsworth, mbali na bahari.

Mawimbi na samaki papa

Ufuko wa katikati ya mji unaitwa Golden Mile. Maji yake ni ya vuguvugu hata wakati wa baridi, kwa sababu mkondo wa bahari unashuka kutoka upande wa Msumbiji. Wakati huo wa baridi mawimbi yenye nguvu hutoka kusini, na asubuhi upepo wa nchi kavu unayasimamisha vizuri. Ndiyo maana vijana hufika ufukoni na mbao zao mbele ya jua kuchomoza.

Lakini samaki papa walikuwa hatari kubwa. Mwaka wa 1952 mji uliweka nyavu mbele ya fuko zake. Mwishoni mwa mwaka wa 1957 na mwanzoni mwa 1958, papa waliua watu kadhaa kwenye pwani ya kusini ya Natal, watalii wakakimbia, na kazi ya nyavu ikaenea pwani yote. Nyavu hizo hazifungi bahari kama ukuta. Zinanasa na kuua papa, hata kasa na pomboo, na mpaka leo watetezi wa viumbe vya bahari wanazilalamikia.

Usalama ulipopatikana, mchezo ulikua. Mwaka wa 1969 yalianza mashindano ya Durban 500, ambayo baadaye yaliitwa Gunston 500, mbele ya ufuko wa Bay of Plenty. Shaun Tomson, mtoto wa Durban, alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1977. Martin Potter, aliyekulia hapo, alipata ubingwa huo mwaka wa 1989. Jordy Smith, aliyezaliwa Durban mwaka wa 1988, naye akafika kati ya wakubwa wa dunia.

Bahari iliyogawanywa

Mabingwa hao wote ni wazungu, na hilo halikutokea kwa bahati. Sheria ya mwaka wa 1953 iliruhusu kutenga mahali pa umma kufuatana na rangi. Fuko nzuri za katikati zikawa za wazungu. Wahindi na Waafrika wakasukumwa kwenye vipande vingine kuelekea kaskazini. Vibao vilivyoandikwa kwa Kiingereza, Kiafrikaans na Kizulu vilitangaza kwamba maji yale ni ya watu weupe peke yao. Mtoto Mzulu wa Umlazi au KwaMashu angeweza kuuza vitu au kusafisha karibu na ufuko, lakini si kuogelea.

Mwaka wa 1972 ubaguzi huo ulimgusa mgeni mwenye jina. Eddie Aikau, mwenyeji wa Hawaii na mmoja wa mashujaa wa mchezo huo, alialikwa kushindana Durban. Hoteli ilimkataa kwa sababu ya ngozi yake. Baba ya Shaun Tomson ndiye aliyempokea nyumbani kwake. Mwaka wa 1985 bingwa wa dunia Tom Carroll, Mwaustralia, alikataa kushindana Afrika ya Kusini. Tom Curren, Mmarekani, na Potter mwenyewe walifanya vilevile.

Ndani ya nchi, raia hawakungoja. Mwezi wa tisa 1989 maelfu waliingia katika fuko za wazungu za Durban, wakaoga mbele ya polisi. Miezi miwili baadaye, rais F. W. de Klerk alitangaza kwamba fuko zote zifunguliwe. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka wa 1990.

Mlango uko wazi kwa nani?

Leo, siku ya mwaka mpya, Golden Mile inajaa familia kutoka vitongoji vyote. Watoto weusi wanafundishwa kusimama juu ya ubao, hata wale waliokuwa wanalala barabarani. Lakini matatizo hayakwisha. Mafuriko ya mwezi wa nne 2022 yaliua zaidi ya watu 400 mjini na kandokando, yakavunja mitambo ya maji machafu, na fuko zikafungwa mara kwa mara kwa sababu ya uchafu.

Wakongomani nao wanajua upande mwingine wa mji. Wengi walifika wakikimbia vita vya mashariki. Wako wanaolinda magari kwenye maegesho, wanaonyoa nywele, wanaouza sokoni. Mwaka wa 2015 mashambulizi juu ya wageni yalianza Durban. Maduka yaliporwa, na familia za Wakongomani, Warundi, Wamalawi na wengine zikalala katika mahema Isipingo na Chatsworth. Chatsworth ni kule kule ambako Wazanzibari walihamishiwa.

Durban ilijengwa na watu waliotoka mbali, wengi wao bila kupenda. Ilichukua miaka 36, tangu sheria ya 1953 hadi 1989, ili bahari iwe ya wote. Kwa wageni wanaoamka mapema kutafuta kazi karibu na mawimbi hayo, kibao cha zamani kimeondolewa, lakini hofu ya kufukuzwa ingali pale.