Ushindani ulivyomkuza Mbaraka Mwinshehe

Watu wa Nkololo, mkoani Simiyu, kama Wasukuma wengine, wanajua ushindani unavyomkomaza msanii. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna jaji anayekaa mezani. Watazamaji wenyewe huhama upande huu kwenda ule, na manju, kiongozi wa ngoma, aliyekimbiwa na watu hujua palepale kwamba ameshindwa. Kwa kipimo hichohicho tunaweza kumwelewa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Morogoro Jazz. Kipaji alizaliwa nacho, lakini ukubwa wake ulitokana na kuwa na wapinzani wa kweli.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mji wa Morogoro tayari ulikuwa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliishika bendi na upinzani ukaendelea. Bendi mbili kubwa katika mji mmoja mdogo hugombea mashabiki walewale, na anayezembea anachezea ukumbi mtupu. Ndiyo maana kila bendi ya zama zile ilijitafutia mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz Msondo, Morogoro Jazz Sululu na baadaye Likembe. Kutoka katika kinyang'anyiro hicho, Mbaraka na wenzake walifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70.

Wapo watakaosema kilichomkuza ni Radio Tanzania. Ni kweli redio ilimfikisha vijijini, na wimbo wake wa kumlilia Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Krismasi ya 1971, ulisikika mbali. Lakini redio hiyohiyo iliwarusha na wapinzani wake. Ilieneza sauti, haikumlazimisha mtu kumpenda. Marekani nako ushindani ndio uliowakuza waimbaji. Mwimbaji wa jazz Ella Fitzgerald alianzia kwenye shindano la ukumbi wa Apollo, Harlem, mwaka 1934, ambako makofi ya watu ndiyo yaliyoamua mshindi. Mwaka 1938, akiwa na bendi ya Chick Webb, alipambana ukumbini Savoy na bendi ya Count Basie iliyokuwa na mwimbaji Billie Holiday.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ushindani huvunja bendi. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Super Volcano, na pengo aliloacha Morogoro Jazz halikuzibika kirahisi. Hata hivyo, msikilizaji hakupata hasara: Super Volcano ndiyo iliyompa wimbo “Shida”, uliopendwa Tanzania na Kenya, kabla ya ajali ya gari kumuua Mbaraka huko Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Hivyo, anayetaka Simiyu itoe waimbaji wakubwa asiishie kuwajengea studio. Awakutanishe uwanja mmoja, mbele ya watu walio huru kuhama.