Penzi Lilivunjika, Ua Likabaki: Stori ya Haidranjia ya Nagasaki

Mwaka 1823 daktari kijana wa Kijerumani alishuka Dejima, kisiwa kidogo cha Nagasaki. Enzi hizo Japani ilikuwa imefunga milango. Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara ni Waholanzi tu, hivyo jamaa akaingia kwa kujifanya Mholanzi.

Huko akazama kwa binti wa Kijapani, na 1827 wakapata mtoto wa kike. Raha haikudumu. Mwaka uliofuata daktari akabambwa na ramani za Japani, kitu ambacho mgeni hakutakiwa kuwa nacho kabisa. Akashukiwa ujasusi, na 1829 akafukuzwa nchini. Mtoto alikuwa na miaka miwili tu.

Aliporudi Ulaya akatoa kitabu cha mimea ya Japani. Humo kuna haidranjia, yale maua yanayojikusanya duara kama mpira, na aina moja akaiita "otaksa". Maana yake hakuisema. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa mimea wa Kijapani akashtukia: kumbe ni jina la yule mama!

Wawili hao walikuja kuonana tena 1859, miaka 30 imepita, na kila mmoja alishaoa au kuolewa kwingine. Yule mtoto? Naye alisomea udaktari, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Japani kutibu kwa tiba ya Kizungu.

Wote wameshafariki, ila otaksa bado inachanua. Siri ni kwamba haidranjia haizeeki yote kwa mpigo. Mashina makuukuu yanakufa, mapya yanachipua chini, na kichaka kikitunzwa kinaweza kupita miaka 50. Tena ukikata kitawi ukakipanda, kinachoota ni mmea uleule. Ndivyo nyumba nyingi zinavyokuwa na haidranjia ya bibi hata kama bustani ya bibi ilishauzwa.

Kinachoiponza ni haraka ya watu. Aina hii hubeba maua kwenye matawi ya mwaka jana. Mtu akiifyeka yote kabla ya msimu, haitoi ua hata moja, naye anasema imezeeka, anaing'oa. Kumbe ilitaka kuachwa tu: upogoe maua yakishaisha, utoe mashina machache yaliyochoka, basi.

Leo haidranjia ndiyo ua rasmi la jiji la Nagasaki, kule kule daktari alikofukuzwa.