Kusaidia (saikolojia)

Kusaidia, katika saikolojia, ni tendo la hiari lenye nia ya kumnufaisha mtu mwingine, liwe dogo kama kumwelekeza mgeni njia au kubwa kama kujitosa majini kumwokoa anayezama. Swali gumu zaidi katika uwanja huu ni kwa nini mtu yuleyule husaidia leo na kesho akapita kando.

Utafiti wake wa kisasa ulichochewa na mauaji. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Machi 1964, Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, alichomwa kisu karibu na nyumbani kwake huko Kew Gardens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la The New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia bila hata mmoja kuwapigia polisi simu wakati akishambuliwa. Habari hiyo ilitiwa chumvi. Wengi walisikia kelele tu, na jirani mmoja alishuka akampakata majeruhi hadi msaada ulipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kasoro za taarifa yake, lakini kwa nusu karne wakazi wale walikuwa wamebebeshwa aibu iliyozidi kosa lao.

Wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley hawakuridhika na maelezo kwamba watu wa mjini wana roho ngumu. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1968, kila mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao akasikika kama ameshikwa na kifafa. Kumbe sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa. Kati ya waliodhani kuwa ndio peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Kati ya waliodhani kuna wengine 4 wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Waliobaki vyumbani hawakuwa wametulia: mikono iliwatetemeka, viganja vikatoka jasho, wakauliza kama mgonjwa anahudumiwa. Huruma walikuwa nayo, ila kila mmoja alidhani mwenzake keshainuka. Hali hiyo huitwa kutawanyika kwa wajibu.

Sababu ya pili ni kutazamana. Katika jaribio jingine la watafiti hao, moshi uliingizwa chumbani. Aliyekuwa peke yake alitoa taarifa mara 3 kati ya 4. Aliyeketi na watu wawili walioagizwa wajifanye hawajali alitoa taarifa mara 1 tu kati ya 10, kwa kuwa utulivu wa wenzake ulimwaminisha kuwa hakuna hatari.

Haraka nayo hufunga mkono. Mwaka 1973 Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa seminari ya Princeton kwenda kuhutubia katika jengo la pili. Baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Biblia wa Msamaria mwema, aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani alikuwepo mtu amejiinamia, akikohoa. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10.

Kuhusu chimbuko la wema, mwanabiolojia William Hamilton alieleza mwaka 1964 jinsi kumsaidia ndugu wa damu kunavyoweza kuenezwa na urithi, na mwaka 1971 Robert Trivers akaeleza kusaidiana kwa wasio ndugu, yale Waswahili wanayoyaita mkono nenda, mkono rudi. Hata hivyo, mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kuwa watoto wa miezi 18 humwokotea mtu wasiyemjua kitu kilichomdondoka, bila kupewa zawadi wala sifa. Ushahidi huo una uzito: mtoto wa umri huo hajui kupiga hesabu ya kulipwa.

Hatari ikiwa dhahiri, kusita hupungua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipitia picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 9 kati ya 10, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati, na watu walipokuwa wengi uwezekano wa kupatikana wa kuingilia uliongezeka.

Basi ukizidiwa mbele ya umati, usiuombe umati. Mtazame mmoja, mwite kwa alama unayoiona, mama mwenye kitenge chekundu au kijana mwenye baiskeli, kisha mwambie la kufanya.