Chembe ya kuua tripanosoma

Chembe ya kuua tripanosoma ni mkusanyiko wa mafuta na protini katika damu ya binadamu ambao huua aina nyingi za vimelea vya jenasi Trypanosoma. Vimelea hivyo huenezwa na mbung'o (huitwa pia ndorobo) na husababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Chembe hii haikishambulii kimelea kutoka nje. Kimelea chenyewe huimeza na kuisafirisha hadi ndani ya mwili wake, na huko ndiko kifo chake kinakoanzia. Kwa sababu hiyo ng'ombe aliyeingizwa katika misitu ya miombo ya Mpanda anaweza kukonda na kufa kwa nagana, huku mchungaji aliyeumwa na mbung'o walewale akibaki mzima.

Kinga hiyo ina pengo moja kubwa kwa watu wa Tanzania: Trypanosoma brucei rhodesiense haidhuriki nayo.

Safari ndani ya kimelea

Tripanosoma ni kiumbe cha seli moja. Mwili wake umefunikwa kwa koti zito la protini, na mahali pekee pa kumezea vitu vikubwa kama protini ni mfuko mdogo kwenye shina la mjeledi wake. Hapo utando hubonyea ndani na kukatika, ukawa kifuko kilichozungukwa na protini iitwayo klathrini. Kifuko hupeleka mzigo kwenye endosomu, kisha kwenye lisosomu, yaani kijifuko chenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enyea. Lisosomu ziligunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Ndimo pia zinamoishia sehemu chakavu za seli yenyewe katika kazi iitwayo otofajia, jina alilolitoa de Duve mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi otofajia inavyofanyika.

Kimelea huhitaji hemu, na huipata kwa kipokezi kinachonasa himoglobini iliyomwagika katika damu. Chembe ya kuua hubeba himoglobini hiyo pamoja na protini iitwayo APOL1. Kimelea hunasa chambo na kumeza ndoana. Katika asidi APOL1 hujipachika kwenye utando na kutoboa tundu, ioni hupita ovyo, lisosomu huvimba na kimelea hufa. Kwamba damu ya mtu huua tripanosoma lilijulikana tangu 1902 kwa kazi ya Wafaransa Laveran na Mesnil, lakini APOL1 ilitambuliwa 2003 tu.

Pengo la kinga

T. b. rhodesiense hutengeneza protini iitwayo SRA, ambayo hukaa katika njia hiyohiyo ya vifuko. Inaikamata APOL1 kabla haijatoboa utando. Mzigo wa sumu unafika, ila umefungwa mikono.

Baadhi ya nyani wana APOL1 ambayo SRA haiwezi kuishika, kwa hiyo hawapati maambukizi haya. Kwa binadamu yapo maumbo mawili ya APOL1, G1 na G2, yanayopatikana zaidi Afrika Magharibi. G2 huweza kuua T. b. rhodesiense. Faida hiyo ina gharama: mtu aliyerithi maumbo hayo kutoka kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo.

Jaribio la Tinde

Kabla SRA haijajulikana, swali lilikuwa kama T. b. rhodesiense hupoteza uwezo wa kuambukiza watu ikikaa muda mrefu katika wanyama. Huko Tinde, karibu na Shinyanga, vimelea vilivyochukuliwa mwaka 1934 vilipitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo kwa zaidi ya miaka 18, na mara kwa mara vilijaribiwa kwa watu waliojitolea. Viliendelea kuwaambukiza. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, lakini jibu lake lilikuwa zito: mnyama wa porini anaweza kutunza malale kwa miaka bila mgonjwa hata mmoja kijijini.

Hali katika Mpanda na Katavi

Eneo la Mpanda limejulikana kwa malale tangu enzi za ukoloni. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, una misitu mikubwa ya miombo na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, makazi mazuri ya mbung'o na wanyama. Walio hatarini zaidi ni warina asali, wawindaji, wakata mbao na wafugaji. Homa ya mwanzo hufanana na malaria, na mgonjwa anaweza kutibiwa malaria mara kadhaa bila nafuu. Kucheleweshwa huko ni hatari, kwa kuwa malale ya aina hii huua ndani ya miezi, si miaka.

Tiba

Suramini, dawa ya hatua ya kwanza, nayo humezwa na kimelea kupitia vifuko vilevile na kurundikana katika lisosomu. Haifiki vizuri kwenye ubongo. Kwa hatua ya pili ilitumika melasoproli, yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza fexinidazole, vidonge vya kumeza, katika mwongozo wa kutibu malale ya rhodesiense.